Ganda Tupu la Risasi Si Kitu Kitupu: Kwa Nini Halijazwi Upya Nyumbani

Katika mikutano yetu ya usalama na wananchi wa mwambao, kuanzia Magara na Minago hadi Rumonge mjini, Mutambara na Kigwena, swali moja limekuwa likiletwa mbele yetu kwa sura mbalimbali. Mmoja huuliza kama ni kosa kuweka nyumbani maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika, maadamu hayawezi tena kumdhuru mtu. Mwingine husema ana ndugu aliyehamia Marekani, naye amemsimulia kwamba huko mtu huweza kukaa karakanani kwake, akayasafisha maganda ya bastola yake, akayarudisha katika kipimo na kuyajaza upya, bila ya kuulizwa na askari. Kwa nini basi jambo hilo hapa kwetu ni marufuku?

Swali ni la haki, na mwenye kuuliza hastahili kutazamwa kama mhalifu. Ndugu yake hakumdanganya. Sheria ya taifa ya Marekani humruhusu raia kutengeneza risasi kwa matumizi yake mwenyewe bila ya leseni. Lakini jibu la «hapa ni marufuku» peke yake halimtoshelezi mtu mwenye akili. Tumeona ni wajibu wetu kueleza, hatua kwa hatua, ganda la risasi ni kitu gani, linapatwa na nini linapofyatuliwa, kulirudisha katika kipimo kuna maana gani, na kwa nini kazi hiyo haina nafasi katika nyumba zetu.

Risasi nzima ni vitu vinne

Katika mazungumzo ya kila siku neno «risasi» hubeba maana nyingi. Humaanisha madini yale mazito yanayoyeyuka upesi, humaanisha kile kinachotoka mtutuni, na humaanisha pia kifaa kizima kinachotiwa katika silaha. Kwa ajili ya makala hii tutavitenganisha.

Risasi nzima ina sehemu nne. Ya kwanza ni kichwa, yaani kile kinachoruka. Ya pili ni baruti, inayoungua na kutoa gesi. Ya tatu ni fataki, kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako, chenye kemikali inayowaka inapogongwa. Ya nne ni ganda, linalozishika tatu nyingine pamoja. Ganda la kawaida hutengenezwa kwa shaba njano, ambayo ni mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Mchanganyiko huo ulichaguliwa kwa sababu una tabia mbili kwa pamoja: hutanuka bila ya kupasuka, kisha hujirudi kidogo.

Katika bastola ya rivolva, yaani ile yenye silinda inayozunguka, ganda huwa limenyooka kama bomba fupi, na kitako chake kina ukingo uliotokeza. Ukingo huo hulizuia lisizame ndani ya tundu la silinda. Mfano unaojulikana sana ni risasi iitwayo .38 Special, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Kichwa chake kina kipenyo cha takriban milimita 9, na ganda lake lina urefu wa takriban milimita 29.

Kinachotokea ndani ya silinda

Nyundo ya bastola inapoigonga fataki, baruti huwaka kwa muda mfupi mno, na gesi husukuma pande zote. Katika risasi hiyo tuliyoitaja, shinikizo huweza kufikia zaidi ya mara 1,000 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Kichwa husukumwa mbele. Kuta za ganda nazo husukumwa nje mpaka zibanane kabisa na kuta za tundu la silinda. Mbano huo ndio unaoizuia gesi ya moto isirudi nyuma kuelekea uso na mkono wa mfyatuaji.

Gesi ikishatoka, shaba hujirudi kidogo. Kwa sababu hiyo ganda tupu huweza kutolewa kwa kidole. Lakini halirudi lilivyokuwa: hubaki nene kuliko lilivyotoka kiwandani, na mdomo wake hubaki mpana. Ukikipachika kichwa kipya katika mdomo huo, kitacheza kama mpini wa jembe uliolegea. Tena, kila silinda ina kipimo chake chenye tofauti ndogo, hivyo ganda lililotanuka katika bastola moja huenda likakataa kuingia katika bastola nyingine.

Maana ya kulirudisha katika kipimo

Katika nchi ambako ujazaji upya unaruhusiwa, hatua ya msingi ni kulisukuma ganda ndani ya kalibu ya chuma kigumu, yenye tundu lililochongwa kwa kipimo cha kiwanda. Kalibu huliminya ganda lote hadi lirudi katika unene wake wa awali, na hapo mdomo huweza tena kukishika kichwa kwa nguvu. Kwa maelezo, kazi ni nyepesi. Ugumu wake umo katika yale ambayo macho hayayaoni.

Shaba inayotanuliwa na kuminywa mara kwa mara huwa ngumu na hupoteza ulaini wake. Kila fundi anayepinda waya huku na huku hadi ukakatika analijua jambo hilo kwa mikono yake. Ganda lililozungushwa hivyo mara kadhaa huota ufa mwembamba, aghalabu kwenye mdomo, wakati mwingine ubavuni. Viwanda na wajazaji wenye uzoefu hupima kila ganda kwa vyombo vinavyosoma sehemu ndogo mno za milimita, hulitazama chini ya taa, na hulitupa lenye dosari. Mtu mwenye nyundo, tupa na kipande cha bomba hana njia ya kuiona tofauti hiyo.

Hatari zinazojificha

Tuziorodheshe hatari hizo, ili msomaji aone kwamba katazo letu lina sababu.

Hatari ya kwanza ni ganda lisilominywa ipasavyo. Rivolva inapofyatuliwa huruka nyuma mkononi, na risasi zilizobaki katika matundu mengine huruka pamoja nayo. Kichwa kisichoshikwa vizuri hutambaa mbele kidogo kwa kila pigo, hadi kitokeze nje ya silinda na kuifunga isizunguke. Silaha hubaki imejaa, imekwama, imo mikononi mwa mtu aliyeingiwa na hofu.

Hatari ya pili ni kiasi cha baruti. Ganda la .38 lilitokana na zama za baruti nyeusi, iliyohitaji nafasi kubwa. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu zaidi na huchukua sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Kwa hiyo mtu akisahau na kulitia ganda moja baruti mara mbili, halitamwagika wala halitaonyesha alama yoyote kwa nje. Mlipuko wake utaipasua silinda. Akisahau kuitia kabisa, fataki peke yake itakisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu na kukiacha hapo, na risasi itakayofuata italikuta tundu limezibwa.

Hatari ya tatu ni kuchanganya aina. Mwaka 1935 ilitolewa risasi nyingine iitwayo .357 Magnum, yenye kichwa cha kipenyo kilekile na shinikizo linalokaribia mara mbili. Watengenezaji waliurefusha ganda lake kwa milimita tatu na kitu kwa makusudi, lisiingie katika bastola za .38 ambazo zisingelistahimili. Usalama wa mfyatuaji ukatundikwa kwenye milimita tatu. Atakayelikata ganda ili liingie, au atakayeigiza nguvu ya risasi kubwa ndani ya ganda dogo, ameubomoa ukuta huo kwa mkono wake.

Hatari ya nne haihusu mlipuko. Fataki nyingi zina kemikali zenye madini ya risasi, na masizi yaliyomo ndani ya ganda lililotumika huwa na vumbi la sumu hiyo. Madini ya risasi huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono isiyonawiwa. Huathiri ubongo wa mtoto zaidi kuliko wa mtu mzima, na madhara yake huenda yasirekebishike. Ganda ambalo mtoto analipuliza kama filimbi si mchezo wa kufumbiwa macho.

Ganda ni shahidi

Sisi askari tuna sababu nyingine ya kulijali ganda, nayo inamhusu kila mwananchi aliyewahi kudai haki.

Kitako cha ganda kwa kawaida huchongwa alama kiwandani. Huweza kuonyesha mtengenezaji, na mara nyingi mwaka au aina ya risasi. Katika ukanda wetu kuna viwanda vya risasi nchini Kenya, Uganda na Tanzania, na alama za kitako ni miongoni mwa mambo yanayowawezesha wapelelezi kuanza kuifuatilia njia ya shehena. Juu ya alama hiyo ya kiwanda silaha nayo huacha yake: pini hutoboa kishimo katika fataki, na kitako hupokea mikwaruzo ya chuma kilichokiegemea. Alama hizo zikilinganishwa kwa hadubini, huweza kuonyesha kama maganda mawili yalitoka katika silaha moja.

Ujuzi huo ulipata sifa duniani baada ya mauaji ya genge yaliyotokea Chicago tarehe 14 Februari 1929. Baadhi ya wauaji walikuwa wamevaa sare za polisi, na watu wakawashuku polisi wenyewe. Mtaalamu Calvin Goddard alilinganisha vichwa na maganda yaliyookotwa na yale ya silaha za polisi, akaonyesha kwamba hazikuwa ndizo. Baadaye silaha mbili zilizokamatwa katika nyumba ya mshukiwa zikalingana na ushahidi ule. Vipande vidogo vya shaba viliwaondolea wasio na hatia shutuma na kuonyesha zilikotoka risasi za mauaji.

Fikiria sasa ganda lililojazwa upya. Alama ya kitako bado inakitaja kiwanda kilichotengeneza risasi ya kwanza, ingawa ya pili ilitengenezwa uani mwa mtu. Ubavu wake una mikwaruzo ya silaha ya zamani, ya kalibu na ya silaha mpya, moja juu ya nyingine. Shahidi huyo sasa anasema maneno ya watu watatu kwa mpigo. Na rivolva, tofauti na bastola nyingine, haitupi maganda yake chini. Hubaki katika silinda mpaka mwenyewe ayaondoe. Ndiyo maana ganda moja lililookotwa mahali pa tukio huweza kuwa na uzito mkubwa, na mtu anayelichukua kwa kulipenda tu huenda ameondoka na haki ya jirani yake mfukoni.

Sheria inasemaje

Tarehe 21 Aprili 2004, mjini Nairobi, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Burundi ikiwemo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na silaha nyepesi. Itifaki hiyo haiishii kwenye bunduki. Inapofafanua maana ya risasi, inataja risasi nzima pamoja na vijenzi vyake: ganda, fataki, baruti na kichwa, pale vijenzi hivyo vinapohitaji idhini ya nchi husika. Mkataba wa nchi za Afrika ya Kati ulioafikiwa Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010, nasi tukiwa katika ukanda huo pia, unataja hata katika jina lake vipande na vijenzi vinavyoweza kutumika kutengenezea silaha.

Hapa nchini, silaha ndogo na nyepesi zinatawaliwa na Sheria Na. 1/14 ya tarehe 28 Agosti 2009. Mwaka huohuo raia waliitwa kusalimisha kwa hiari silaha zilizobaki mikononi mwao baada ya miaka ya vita, na wengi waliitikia wito. Wazee wanakumbuka ni kwa nini wito huo ulikuwa wa lazima. Nchi iliyoona kile tulichokiona tangu 1993 haina anasa ya kuiacha kila nyumba iwe kiwanda chake. Silaha isiyo na risasi ni chuma tu, na upungufu wa risasi ni miongoni mwa mambo yanayoinyamazisha silaha iliyofichwa. Anayejaza maganda upya huirudishia sauti, hata kama nia yake ilikuwa kujifunza ufundi.

Kwa hiyo tunamjibu aliyetuuliza. Ndugu yako aliyeko ng'ambo anafuata sheria ya mahali alipo, kwa vyombo na viwango vya mahali hapo. Wewe unaishi chini ya sheria ya hapa, na sheria hiyo ina kumbukumbu. Hata mwenye kibali halali cha silaha hana ruhusa ya kujitengenezea risasi kwa sababu tu anacho kibali hicho. Akihitaji risasi, njia yake ni kupitia mamlaka zilizompa idhini.

Maganda yanayopita mikononi mwetu

Katika mwambao wetu wachache sana wanafikiria kujaza risasi. Wengi zaidi hukutana na maganda kwa njia nyingine, na hao tunataka kuzungumza nao kwa uwazi.

Mkulima hulichimbua ganda katika shamba la mihogo au chini ya michikichi. Mtoto huliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Fundi huliyeyusha pamoja na mabomba na kufuli kuukuu. Mvuvi anayetafuta uzito wa wavu huona vichwa vya risasi vinafaa, kwa kuwa ni vizito. Hakuna kati yao mwenye nia mbaya. Lakini si kila kilichookotwa kimekwisha kulipuka. Ganda lililo wazi mdomoni kwa kawaida limekwisha kufyatuliwa. Lenye kichwa bado mdomoni ni risasi nzima, hata kama fataki ina kishimo, kwa sababu huenda iligongwa ikakataa kuwaka. Kuzikwa ardhini kwa miaka mingi hakuifanyi kuwa salama.

Risasi nzima ikiangukia katika tanuri la fundi, ganda hupasuka na vipande vya shaba huruka. Vipande hivyo vinatosha kulitoa jicho la mvulana anayevuta mivuo. Shaba huyeyuka katika joto linalozidi nyuzi 900 za selsiasi, na baruti huwaka muda mrefu kabla ya hapo. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Unachopaswa kufanya

Ukikuta ganda, risasi au kitu chochote kinachofanana na silaha, usikiguse, usikigonge wala usikichimbue zaidi. Waondoe watoto. Weka alama ya kuonekana kwa mbali, kama vile tawi au kitambaa, bila ya kukikaribia. Mjulishe mkuu wa kilima au wa zoni, au kituo cha polisi kilicho karibu, ueleze ulikiona wapi na lini. Wacha waje wenye ujuzi.

Ikiwa tayari unavyo nyumbani, usivitupe ziwani. Tanganyika ndilo tunalochotea maji na kuvulia ndagala na mikeke, na kilichotupwa leo kitapandishwa na wavu wa mwenzako kesho. Usivitie chooni wala motoni. Usivibebe mwenyewe njiani bila ya kutoa taarifa: itangulize habari, nasi tutakuelekeza namna ya kuvikabidhi.

Wanunuzi wa vyuma chakavu na mafundi wa kuyeyusha tunawaomba wafanye jambo moja kila asubuhi: wapekue mzigo kabla ya kuupima, na wakatae maganda na vichwa vya risasi, hasa vinapoletwa na watoto. Mtoto akijua kwamba havina mnunuzi, hatakwenda kuvitafuta vichakani.

Walimu na viongozi wa dini, ninyi mnasikilizwa mahali ambapo sare yetu huleta ukimya. Tunawaomba mlifikishe jambo hili kwa maneno yenu. Nasi kwa upande wetu tunatambua kwamba mwananchi atatoa taarifa pale tu anapoamini kwamba atapokelewa kwa heshima. Mtu anayeleta habari ya ganda aliloliokota shambani anatusaidia, na anastahili kuondoka kituoni akiwa na shukrani zetu. Hilo ni deni letu kwenu, nanyi mna haki ya kutudai.